Kamera Iliyolinda Kalenda

Mtaani walimwita Kwanza Kadi, na jina lenyewe alijitafutia. Mtu akimpigia simu kulalamika kwamba kamera ya nyumbani haionyeshi ya jana, yeye hakuuliza hali wala hakuuliza nani ameibiwa. Alisema tu, "Kwanza kadi." Alimaanisha ile kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, inayochomekwa ubavuni mwa kamera ikahifadhi kila kinachopita mbele yake. Mara tisa katika kumi ugonjwa uko hapo. Kadi imejaa, au imekufa, au ni ya bandia iliyoandikwa namba kubwa kwa nje na ndani haina nafasi ya kutosha hata harusi moja, au haimo kabisa kwa sababu mtoto wa nyumba aliichomoa akaweka nyimbo. Hiyo mara ya kumi ni waya wa umeme haukuchomekwa, na hapo mteja hukasirika kuliko kama angeambiwa kamera imeungua.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkimya, mwenye mkoba wa ngozi aliorithi kwa fundi saa aliyemfundisha kazi. Saa zilipopungua akahamia kwenye redio, na redio nazo zilipomkimbia akahamia kwenye kamera. Hakuona ajabu yoyote. Alisema skrubu ni zilezile.

Kitu kimoja tu katika kazi yake kiliwashangaza watu, nacho ni kipande cha kadibodi. Kilikatwa sawasawa na kioo cha simu, na pembeni juu kilikuwa na tundu jembamba, upana wa kiberiti. Kila alipotaka kujua kama kamera inarekodi, alifungua picha za jana, akafunika kioo kwa kadibodi ile, akatazama tunduni. Kwenye tundu huonekana tarehe na saa tu. Sekunde zikikimbia, kamera inarekodi. Sekunde zikisimama, kwanza kadi. Sauti aliifunga kabla hajaanza.

Kadibodi ilikuja baada ya aibu. Miaka ya mwanzo, akijaribu kamera ya bwana mmoja mwenye duka la vioo, alitazama picha za siku nzima kama watu wengine wanavyotazama, akasema kwa nia njema kabisa, "Naona shemeji yako ana ufunguo wake mwenyewe." Yule bwana hakuwa na shemeji. Nyumba ile ilivunjika kabla fundi hajamaliza kukunja ngazi. Tangu hapo alikula kiapo kwamba macho yake yataishia kwenye saa. Ya watu atawaachia wenyewe.

"Wewe hata mimi utanipita barabarani," mkewe humwambia, "kwa sababu sina tarehe kwenye kona."

"Una sauti, Mama Pacha," humjibu. "Nitakutambua."

Miongoni mwa nyumba alizohudumia kila mwezi ilikuwamo ya mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale aliowacharaza. Aliishi na msaidizi wa nyumbani aliyeitwa Dada, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mwaka wa tisa ule akiwa naye. Mwalimu akimtambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni mwanangu, ni wa humu ndani." Dada hutabasamu akaenda kuleta vikombe.

Mwalimu alikuwa na tabia moja ambayo kustaafu hakukuigusa. Kila alilofanya alilitangaza, polepole, kwa sauti ya kufika dawati la nyuma, darasa lipate kuandika. "Sasa tunafunga dirisha." "Sasa tunatafuta miwani. Miwani iko wapi? Miwani iko kichwani." Fundi akiwa juu ya ngazi alishazoea kusikia siku nzima ya Mwalimu ikisomwa namna hiyo, na Dada jikoni akiitikia, "Ndiyo, Mwalimu," bila kuacha kuosha vyombo.

Kamera yenyewe ilikuwa sebuleni, juu ya kabati, na iliwekwa na mwana wa Mwalimu. Ndugu zake walimwita Injinia, ingawa anauza bima, kwa sababu utotoni aliwahi kufungua pasi ya mama yake na karibu aweze kuifunga. Alikuwa na programu ya kamera kwenye simu yake, lakini aliinyamazisha wiki ya kwanza na asiifungue tena, ilipomwita mara arobaini kwa siku kumwarifu kwamba pazia limetikisika. Ndipo fundi akaiweka kamera irekodi mfululizo, usiku na mchana. Kadi ilitosha siku kumi na mbili. Ikijaa, inafuta ya zamani kuliko zote na kuandika mpya juu yake, haibishani na mtu. Kwenye daftari dogo lililoning'inia msumarini, fundi aliandika kila mwezi: kadi sawa, picha sawa, sauti sawa, akatia sahihi.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, Injinia alimpigia simu.

"Fundi, kadi imegoma. Nimeichomoa, nimeiweka kwenye simu yangu, inaniambia haisomeki. Inaniuliza kama niifomati. Niseme ndiyo?"

Fundi alikuwa anakunywa chai. Aliiweka.

"Usiguse kitu," alisema. "Ukisema ndiyo, itafuta kila kitu. Weka simu mezani, kaa mbali nayo. Nakuja."

Alikuta sebule imekaa kama baraza la kesi. Mwalimu kwenye kiti chake, mikono mapajani. Injinia amesimama. Kwenye mlango wa jikoni, juu ya kigoda cha plastiki, Dada amekaa na mfuko wake wa nguo miguuni, zipu imefungwa. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, kama mtu aliyemaliza kulia jana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Sasa fundi anakaa."

Injinia alieleza. Mama ana bangili mbili za dhahabu, za marehemu bibi. Ijumaa ya wiki juzi alizivaa, watu wakaziona. Jumamosi asubuhi wakasafiri kwenda harusini, yeye na mama, Dada akabaki. Mama aliziacha kwenye droo ya kabati la nguo. Jana anafungua droo, hamna kitu. "Nyumba ilikuwa na mtu mmoja," alisema Injinia, bila kutazama mlango wa jikoni. "Nikasema sina haja ya kumsingizia mtu, kamera ipo. Kama kapita hapa sebuleni na kitu, tutaona. Tukimwona, tunakwenda naye polisi. Tusipomwona..." Hakumalizia. Ilionekana hakuwa amefika huko.

"Mimi nataka ionyeshwe," alisema Dada. "Tangu jana nasema ionyeshwe."

Fundi alihesabu kwa vidole. Kutoka Jumamosi ile mpaka Jumatano hii ni siku kumi na moja. Kadi inashika kumi na mbili. Ingekaa kwenye kamera mpaka keshokutwa, Jumamosi ile ingekuwa imefutwa, na mwanamke yule angebaki na neno la watu juu yake maisha yake yote.

"Kwanza kadi," alisema.

Aliigeuza chini ya mwanga wa dirisha. Vile vijistari vya shaba vya mgongoni vilikuwa vimepakwa mafuta, na alama ya kidole gumba ilionekana wazi.

"Ulikuwa unakula nini?"

"Chapati," alisema Injinia. "Inahusu nini?"

"Mwalimu, nina shida ya raba. Ya penseli."

Mwalimu alinyanyuka. "Sasa tunatafuta raba," alisema, lakini kwa sauti ya chini. Nyumba ile haikukosa raba. Alileta mpya, kwenye kijaluba. Fundi alisugua shaba taratibu, mara tatu, akapuliza, akafuta kwa kitambaa cha miwani, akaichomeka kwenye kompyuta yake kuukuu. Kompyuta ilifikiri. Kisha majalada yakajipanga kwenye kioo, siku kwa siku, kumi na mbili kamili. Injinia akasema, "Hata mimi ningefanya hivyo."

Fundi alifungua Jumamosi, akaipunguza picha ikawa saizi ya simu, akatoa kadibodi mkobani, akaifunika. Tunduni sekunde zilikimbia. Tarehe sahihi, saa sahihi.

"Inasoma," alisema. "Iko sawa."

"Basi toa hilo likadibodi lako tumwone mwizi."

Aliitoa. Akasogea kando ili wenye nyumba watazame, na yeye akageukia dirisha kama kawaida yake. Injinia akamvuta shati, akageuka.

Kwenye kioo kulikuwa na ukuta. Ukuta wa sebule, sehemu ya juu, karibu na dari, na nusu ya kalenda ya mwaka jana. Alisogeza mbele saa moja: ukuta na kalenda. Jumapili: ukuta na kalenda. Alifungua siku zote kumi na mbili na zote zilikuwa na picha safi, angavu, ya kalenda ambayo hakuna mtu aliyeigusa.

"Ameigeuza!" Injinia alipiga kofi mezani. "Mnaona? Kapanda, kaigeuza ukutani, kisha ndio kachukua. Huyu si wa kuonea huruma, mama. Huyu alipanga."

Mwalimu alimtazama Dada, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamini.

Fundi alikwenda msumarini akashusha daftari. Alifungua nyuma, nyuma tena. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Aliona aibu kwamba wazo hilo lilimjia, na likakaa muda wa kutosha.

"Miezi saba iliyopita shingo ya kamera hii ilipasuka," alisema. "Nilipanda ngazi nikaweka mpya. Imeandikwa hapa, na sahihi yangu hii. Shingo mpya huja imelala upande. Nilipoikaza, nimeikazia ukutani. Nikashuka, nikaweka kadibodi, nikaona saa inakwenda, nikaandika picha sawa. Mwezi uliofuata nikaandika tena sawa. Nimeandika mara saba." Alipanda kwenye kiti, akashika kamera kwa vidole viwili, akajaribu kuizungusha. Haikusogea. "Hii huigeuzi bila bisibisi ya pembe sita, ninayo mimi. Dada hakuigusa. Ni mimi."

"Miezi saba," alisema Injinia. "Miezi saba tunalinda kalenda."

"Ndiyo."

"Na hukuwahi kutazama picha."

"Sitazamagi."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilisikika kama upuuzi mtupu, hata kwake mwenyewe. Akakaa, akaanza kukunja kadibodi yake, ikunjike isikunjike.

Sasa Dada amesafishwa kosa moja na kubaki na lile kubwa, na njia ya kulijua ilikuwa ukuta mtupu. Injinia alishika simu, akaanza kutafuta namba ya kituo.

Dada ndiye aliyesema, pale pale kwenye kigoda.

"Fundi, hiyo kamera ina masikio?"

"Ina nini?"

"Masikio. Kama haioni, inasikia? Maana Mwalimu husema kila anachofanya. Mimi Jumamosi ile nilikuwa uani naanika mashuka, sikuwa ndani. Lakini kama aligusa bangili, alisema. Hawezi kugusa kitu asiseme."

Injinia alitaka kucheka akaona hakuna anayecheka. Fundi alitazama kona ya kioo. Alama ya kipaza sauti ilikuwapo, haijapigwa mstari. Miaka yote aliandika sauti sawa kwa kuiona alama hiyo tu, hakuwahi kuifungulia. Alichukua hedifoni zake za zamani za redio, akazivaa, akarudi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, akasikiliza ukuta.

Ilimchukua dakika arobaini, akiruka penye kimya. Wengine walimtazama usoni kama watu wanaosubiri daktari. Alisikia mlango wa bafu. Alisikia Injinia akipiga honi nje, saa moja na nusu. Alimsikia Mwalimu, mbali kisha karibu: "Sasa tunavaa viatu. Sasa tunaacha bangili, njiani kuna wezi." Hatua zikaenda chumbani zikarudi. "Tunazitoa kwenye droo. Tunazifunga kwenye leso. Tunaziweka kwenye sanduku la cherehani, chini ya bobini." Kifuniko kikagonga. Kisha sauti ileile, bila hasira, ya mtu anayesoma kanuni ubaoni: "Dada asizione. Miaka tisa sawa, lakini mtu baki ni mtu baki."

Fundi alisimamisha hapo. Alikaa na hedifoni masikioni muda zaidi ya uliohitajika, kwa sababu akizivua itabidi aseme, na alikwishajifunza kwa bwana wa vioo jinsi neno lililonaswa linavyotembea. Akazivua.

"Sanduku la cherehani," alisema. "Chini ya bobini."

Injinia alikwenda. Walisikia vibobini vikimwagika sakafuni. Alirudi na leso nyeupe mkononi, na ndani ya leso bangili mbili. Akaziweka mezani polepole, kama vile zilikuwa za moto.

"Kumbe," alisema Mwalimu. Halafu akasema tena, "Kumbe ni mimi," akazigusa.

"Basi yamekwisha," alisema Injinia, akaanza kuangalia saa yake. "Mambo ya uzee. Tumshukuru Mungu. Dada, tuwekee maji ya chai."

Dada hakuinuka.

"Na mimi nataka kusikia," alisema.

"Zimepatikana, Dada," alisema fundi. "Hamna kingine."

"Kama hamna kingine, hakuna ubaya nikisikia."

Fundi hakuwa hodari wa kusema uongo. Hakuwa na mazoezi, maana kazi yake yote ilikuwa kutosema. Alimtazama Mwalimu, akitaka amkomboe. Lakini Mwalimu hakukumbuka alichosema, kama asivyokumbuka alikoweka.

"Mwache asikie," alisema. "Mimi nimemkosea mwanangu, sina la kumficha."

Dada alikuja mezani, akafuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na maji, akavaa hedifoni. Alisikiliza akiwa amesimama. Uso wake haukubadilika. "Rudisha nyuma kidogo," alisema, na fundi akarudisha. Alisikiliza mara ya pili mpaka mwisho. Kisha akazivua, akazungusha waya wake vizuri kwenye vidole, akaufunga, akampa.

"Inasikika vizuri sana," alisema. "Kadi yako nzima, fundi."

Alirudi mlangoni akabeba mfuko.

"Mwalimu, maji ya chai yako kwenye chupa. Dawa ya presha ni ile ya kofia nyeupe, ya kofia ya bluu ni ya asubuhi tu. Mashuka ya juzi yako kabatini, rafu ya chini."

"Unakwenda wapi?" Mwalimu alijaribu kusimama. "Si zimepatikana? Nimesema nimekosa. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe," alisema Dada, na alimaanisha. Sauti yake ilikuwa na upendo wa miaka tisa, ambao hakuwa na mahali pa kuupeleka. "Lakini mtu baki huwa anakwenda kwao."

Injinia aliuliza mtu baki nani. Walisikia geti likifunguliwa na likifungwa taratibu, kama anavyolifunga siku zote, lisimwamshe mtu.

Fundi alipanda ngazi, akalegeza shingo ya kamera, akaielekeza sebuleni, akaikaza. Safari hii alishuka akatazama picha yenyewe, uso kwa uso: kiti, meza, leso, na mwanamke mzee aliyekaa wima akitazama mlango wa jikoni. Nyumbani alimsimulia mkewe kila kitu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama Pacha akauliza kama alijaribu kumzuia yule mwanamke. Alisema hapana. Akauliza kama fundi angekuwa Dada, angebaki. Alisema hajui. Kadibodi ikaishia kuwashia jiko.

Mwezi uliofuata alirudi na mkoba wake, siku ileile, saa ileile. Mlango alifunguliwa na Mwalimu mwenyewe. Alikuwa amekonda. Fundi alichomoa kadi, akaisafisha, akaifungua kwenye kompyuta. Siku kumi na mbili, zote zipo. Picha ilikuwa nzuri: Mwalimu akipita, Mwalimu akikaa, Mwalimu akiinuka. Akavaa hedifoni akajaribu sauti.

Hakusikia mtu. Alisikia saa ya ukutani, na kikombe kikiwekwa mezani, na viatu. Alifungua siku nyingine, akafungua nyingine. Mwalimu alifunga dirisha, hakusema anafunga dirisha. Alitafuta miwani meza nzima, akaipata kichwani, hakusema neno. Fundi akadhani kipaza sauti kimekufa. Alipanda ngazi, akarudisha kadi, akapuliza kitundu chake, akapiga makofi mawili, akashuka akasikiliza kwenye simu. Makofi yalikuwapo, mawili, makubwa.

"Mwalimu," alisema, "naomba useme neno lolote, nijaribu sauti."

Mwalimu alitazama kamera, kisha akatazama mlango wa jikoni.

"Niseme nini," aliuliza, "na humu hamna mtu?"

Fundi alirudisha kipande hicho nyuma, akakisikiliza hadi mwisho. Kisha akashusha daftari msumarini, akaandika tarehe, akaandika kadi sawa, picha sawa. Kwenye sauti kalamu ilisimama kidogo. Akaandika sawa, akatia sahihi.